Kufunguka na kufunguliwa

Mdogo wangu anasoma biolojia, mimi ninasoma lugha. Mwaka jana alianguka mtihani, na kosa lilikuwa langu: kosa la kauli ya kitenzi.

Usiku wa kuamkia mtihani aliniambia: « Yaya, nielezee hii kwa Kiswahili. Kifaransa ninakikariri tu. » Nikasoma daftari lake. Ndani ya seli ya kawaida ya mwili wetu mna karibu mita 2 za DNA, zimekunjwa katika kiini kisichoonekana kwa macho. Uzi huo umezongwa juu ya protini ziitwazo histoni, jozi 147 za besi kwa kila fungu la histoni 8. Palipobanwa hivyo hapasomeki kwa urahisi. Nikamwambia: « Jeni ikihitajika, uzi unafunguka. » Akaelewa, akalala.

Kesho yake swali likawa: ni nani anafungua, na kwa nguvu gani? Hakuwa na jibu, kwa sababu mimi sikumpa. Tukisema mlango umefunguka, mtenda hatumtafuti. Tukisema umefunguliwa, lazima tuulize: na nani?

Katika seli mtenda yupo. Kuna mashine za protini za kundi la SWI/SNF, zilizojulikana kwanza katika hamira. Kwa mamalia huitwa BAF. Hizo hutumia ATP, nishati ya seli, kusogeza histoni, kuuzongoa uzi, hata kuzing'oa histoni zenyewe. Za kundi la ISWI aghalabu huzipanga histoni kwa nafasi sawa, na pengine sehemu hufungwa tena. Ndiyo maana seli ya ini na seli ya ubongo zina DNA moja, lakini hazisomi kurasa zilezile. Nazo jeni zinazounda BAF zimekutwa na kasoro katika karibu saratani 1 kati ya 5 za binadamu.

Kabla ya sesheni ya pili tuliketi tena. Safari hii nilimwambia: « Uzi unafunguliwa na BAF, na seli inalipa ATP. » Akacheka: « Kumbe ni hivyo tu, yaya? » Alifaulu.

Wenzangu wa kitivo, mara nyingi tunasikia kwamba Kiswahili hakitoshi kwa sayansi. Usiku ule kilitosha. Aliyepungukiwa ni mimi, niliyejua kunyambua vitenzi kwa ajili ya alama tu.