Mawe ya Kusini na Swali la Mzee wa Naipingo

Mzee mmoja wa Naipingo, wilayani Nachingwea, aliniuliza swali ambalo hadi leo sijalimaliza. Tulikuwa tumeketi chini ya mkorosho, nami nikimweleza, kwa shauku ya mwalimu aliyezoea darasa, kwamba ziko nchi zilizoungana na jirani zao kuihifadhi miamba inayovuka mipaka yao, na kwamba sisi wa Kusini tungeweza kufanya hivyo pamoja na Msumbiji. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema: "Mwalimu, hayo mawe yakishahifadhiwa, sisi tutahamia wapi?"

Nilimjibu kwa yale niliyoyasoma. Jiopaki, nilimwambia, si kama hifadhi ya wanyama. Ni eneo lenye watu wake, mashamba yao, misikiti na makanisa yao, ambalo miamba yake au visukuku vyake vina thamani kwa dunia nzima, na wenyeji ndio walinzi na wasimulizi wa thamani hiyo. UNESCO iliupa mpango huu hadhi rasmi Novemba 2015. Cheti chake hakibadilishi umiliki wa ardhi wala hakimpokonyi mtu jembe lake. Kila baada ya miaka minne eneo hukaguliwa upya, na lililozembea huweza kuvuliwa hadhi hiyo. Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari njema kutoka kwa asiye na mamlaka ya kuitimiza.

Wazo lenyewe si ndoto. Jiopaki ya mapango ya Marble Arch ilianzia Ireland ya Kaskazini, na mwaka 2008 ikavuka na kuingia Jamhuri ya Ireland, ikawa ya kwanza duniani kuwa ndani ya nchi mbili. Ilivuka mpaka ambao kwa takribani miaka 30 ulikuwa wa askari, vizuizi na mabomu. Huko Muskau, baina ya Ujerumani na Poland, barafu ya zama za kale iliikunja ardhi ikaacha umbo la kwato ya farasi, na Mto Neisse unapita katikati. Watu walichimba makaa ya mawe hapo kwa vizazi. Leo mashimo ya migodi iliyofungwa ni maziwa madogo, na wageni huenda kuyatazama na kujifunza.

Na kwetu je? Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Mto Ruvuma uwe mpaka wa tamaa zao. Wayao, Wamakua na Wamakonde wakajikuta wako pande zote mbili bila kuhama. Miamba nayo haikuulizwa. Wanajiolojia huuita mfumo wa miamba ya kale inayopita katika ukanda huu Mkanda wa Msumbiji, nao haukomi Msumbiji: unapanda kupitia Tanzania na Kenya hadi Ethiopia. Uliumbika zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara yalipogongana. Majabali yanayochomoza ghafla kutoka tambarare kule Masasi yana ndugu zao ng'ambo ya mto. Kaboni iliyozikwa katika matope ya kale ikapikwa kwa joto na mgandamizo hata ikawa kinywe, madini yanayotafutwa leo kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Ndiyo maana kinywe kipo Ruangwa, na kipo pia Balama, katika Jimbo la Cabo Delgado.

Ukielekea pwani kutoka Nachingwea unaiacha miamba hiyo ya kale na kuingia katika ardhi ya tabaka changa zaidi, na humo ndimo kilimo kilima cha Tendaguru, chenye mifupa ya dinosaria walioishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha juzi tu, na njaa iliyovifuata ilikuwa haijasahaulika. Mamia ya vibarua, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, walifukua na kufunga mifupa, na wapagazi wakaibeba kwa vichwa na mabega siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa. Mmoja wa wanyama hao amesimama leo katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Suala la kurudishwa kwake limefika hata Bungeni, nami nalielewa. Lakini hujiuliza: mtoto wa Nachingwea anayesoma kuhusu Tendaguru atapelekwa wapi akaone hata mfupa mmoja mahali ulipolala?

Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza na mpango wao wa karanga. Mwaka 1947 walianza kufyeka mapori ya Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, kwa matrekta na reli mpya iliyotoka Mtwara. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, na zaidi ya pauni milioni 35 zimekwenda na maji. Hawakuwa wamesoma udongo wala mvua, na waliokuwa wakivijua hawakuulizwa. Reli nayo iling'olewa, na Nachingwea imebaki na mahali paitwapo Stesheni pasipo treni. Sasa ni zamu ya kinywe. Sisemi kisichimbwe. Nasema tu kwamba kwa zaidi ya miaka 100 ardhi hii imesomwa na wageni, kwa lugha ya wageni, kwa faida iliyoondoka na wageni.

Jiopaki ya Ruvuma ingekuwa nafasi ya kuisoma wenyewe. Nachingwea ina haki ya pekee ya kulisema hili. Tangu katikati ya miaka ya 1960 ndipo palipokuwa na kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO, na wenyeji waligawana na wapigania uhuru ardhi na chakula. Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 kati ya Mtambaswala na Negomano, lilitarajiwa kuuendeleza udugu huo. Lakini tangu 2017 Cabo Delgado inawaka moto, na Oktoba 2020 wapiganaji walivuka na kukishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Tangu hapo tunapoutaja Ruvuma tunautaja kwa lugha ya ulinzi. Ulinzi ni wa lazima. Lakini mpaka unaojua askari peke yake ni mpaka mgonjwa, na vijana wasioona faida ya utajiri ulio chini ya miguu yao ni mawindo rahisi ya kila mwenye bunduki na ahadi. Ireland haikungoja chuki iishe kabisa ndipo iyafungue mapango yake.

Hata hivyo, narudi kwa mzee, kwa sababu nilijua alichokuwa akikifikiria. Ngorongoro Lengai ilipata cheti cha jiopaki mwaka 2018, ya kwanza kusini mwa Sahara. Tangu 2022 maelfu ya wakazi wa Ngorongoro wamehamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wamehama kwa hiari; wengi miongoni mwa Wamasai wanalikana jambo hilo. Cheti cha jiopaki sicho kilichowahamisha. Lakini wala hakikuwazuia kuhamishwa. Hapo ndipo maelezo yangu yote mazuri ya chini ya mkorosho yalipokwama.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, na sheria hiyo hiyo inampa Rais uwezo wa kuihawilisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Kati ya vifungu hivyo viwili ndimo anamoishi mkulima wa korosho wa Naipingo. Kwa hiyo wanaotaka jiopaki ya kuvuka Ruvuma, nami nikiwamo, wasianzie Paris wala Dodoma wala Maputo. Waanzie katika mikutano ya vijiji, pande zote mbili za mto, na kabla ramani yoyote haijachorwa iandikwe na kutiwa sahihi kwamba hakuna kaya itakayohamishwa kwa jina la urithi huu. Bila ahadi hiyo, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuupinga mpango nilioupigia debe.

Tulipoagana mzee aliniambia nikirudi nimletee karatasi, maana maneno ya wasomi ameyasikia mengi. Sijarudi, kwa kuwa karatasi hiyo bado haipo.