Nyuso Nilizozifuta Manundu

Kazi yangu ni kupamba maharusi. Nina saluni ndogo Manundu, mjini Korogwe, upande wa sokoni, na kwa sehemu kubwa ya miaka niliyokaa pale kazi hii nimeifanya vibaya. Si kwamba nilikosa wateja. Shaabani ikiingia, kabla watu hawajaanza kufunga, na tena Desemba msimu wa harusi za kanisani, benchi langu lilikuwa halitoshi. Walikuja mabinti wa Kilole, Majengo na Old Korogwe. Wa Bungu na Vugiri waliteremka na masweta yao ya baridi ya milimani. Wa Mombo na Handeni walidamkia basi la alfajiri. Waliingia na nyuso zao, wakatoka na uso mmoja, niliowachorea mimi.

Nieleze nilivyokuwa nafanya, maana mengi ya makosa yangu yamo humo. Kwanza wembe. Nilitinda nyusi zote, nene kwa haba, nikaacha ufito mwembamba au nikaziondoa kabisa. Halafu fondesheni iliyoizidi ngozi ya mwenyewe kwa weupe, tena si kidogo. Niliipaka kila mahali: paji la uso, kope, pembeni mwa pua, hata midomo, mpaka uso mzima ukawa rangi moja. Juu yake poda. Kisha nachukua penseli ya kahawia na kuchora nyusi ile ile ambayo mkono wangu umeizoea, upinde mwembamba, mrefu, wenye mshangao kidogo. Midomo naimalizia kwa waridi iliyopauka. Nilibandika picha zao ukutani ili mteja anayeingia achague anavyotaka kupambwa, na kusema kweli hapakuwa na cha kuchagua. Ungedhani wote wamezaliwa tumbo moja. Lakini watu ukumbini walikuwa wakimtazama bibi harusi wanasema, "Huyu kapambwa na fulani," nami nikaichukua hiyo kuwa sifa.

Mpiga picha mmoja wa pale mjini aliwahi kuniambia, "Dada, ukiniletea hawa wa kwako mimi napiga picha za sahani." Nilimnunia. Nikatangaza kwamba flashi yake mbovu.

Alikuwa sahihi. Poda nyingi nyeupe, na fondesheni zenye kinga ya jua, zina titani dayoksaidi au zinki oksaidi, unga mweupe unaorudisha mwanga ulikotoka. Kwa taa za kawaida za ukumbini huoni kitu. Flashi ikipiga, mwanga mwingi unarudi kwenye kamera, uso unatoka mweupe pe huku shingo na mikono vikibaki na rangi ya mwenyewe. Ila flashi ilikuwa sehemu ndogo tu ya tatizo. Ngozi ya uso haina rangi moja. Ina weusi kidogo kuzunguka macho, kwenye kona za mdomo, chini ya taya na pale nywele zinapoanzia. Mfupa wa shavu na mgongo wa pua ndivyo vinavyopokea mwanga. Tofauti hizo ndizo zinazolifanya jicho lionekane limekaa ndani na shavu limeinuka. Mimi nilizisawazisha zote kwa sponji, halafu nikashangaa kwa nini binti mwenye pua nzuri, iliyosimama, akitoka kwangu anaonekana kabonyea.

Aliyenifundisha, kwa gharama yake mwenyewe, alikuwa binti mmoja mwenye nyusi nene zilizokaribia kukutana juu ya pua. Zilikuwa nyusi za ukoo. Baba yake alikuwa nazo, na shangazi aliyemsindikiza alikuwa nazo. Shangazi aliniambia kwa upole kabisa, "Hizo usizinyoe, mwanangu." Nikamwitikia vizuri, kisha nikatafuta njia ya kufanya nilichotaka. Sikuzinyoa zote. Nilizikonda ziwe nyembamba, na kwa kuwa joto la Korogwe linafuta penseli kabla ya keki kukatwa, nikakoroga piko, ile ile tunayochorea mikono na miguu, nikaipaka juu ya ngozi iliyotoka kupita wembe dakika hiyo hiyo. Akasema inawasha. Nikamjibu, "Mtaka uzuri hudhurika," tukacheka wote wawili.

Harusi ilipita, picha zikapigwa. Fungate haijaisha, nyusi zikavimba, zikatoa malengelenge, yakapasuka, na jicho moja likawa halifunguki. Alipelekwa hospitali. Shangazi akaja saluni, akasimama mlangoni, kiti alikikataa. Hapo ndipo ningesema ukweli, na sikuusema. Nilimwambia labda ni kamba waliopikwa siku ya harusi, kuna watu hawapatani na kamba. Nilimwongopea mtu mzima aliyenikanya kwa heshima, huku bakuli la piko liko nyuma yangu kwenye rafu na ukoko wake umekaukia humo.

Weusi wa piko unatokana na kemikali iitwayo PPD, ndiyo iliyomo katika rangi nyingi nyeusi za nywele. Shida yake ni kwamba mwili unaweza kuivumilia mara ya kwanza, ukaikariri kama adui, na kuilipukia mara nyingine. Na madhara mara nyingi hujitokeza siku moja hadi tatu baadaye. Ndiyo maana wapambaji tunadumu nayo. Bibi harusi anapovimba yuko kwa mumewe, na sisi tumeshalipwa. Nilipokuja kusoma habari za Lash Lure niliona haya peke yangu. Hiyo ilikuwa rangi ya kope na nyusi iliyouzwa Marekani katika miaka ya 1930, nayo ilikuwa na PPD. Iliwapofua wanawake macho, na mmoja alifariki. Ni mojawapo ya bidhaa zilizosukuma kupitishwa kwa sheria yao ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 1938. Yaani kile nilichokiita ujanja wangu wa kushinda jasho, wenzetu walikuwa wameshakizika kabla mama yangu hajazaliwa.

Lakini tuseme piko isingemdhuru. Bado ningekuwa nimemkosea. Mwaka 2003 watafiti wa chuo cha MIT walichukua picha za watu mashuhuri, Richard Nixon na mwigizaji Winona Ryder wakiwemo, wakafuta macho katika baadhi na nyusi katika nyingine, kisha wakawauliza watu hawa ni akina nani. Zilizofutwa nyusi zilitambulika kwa shida zaidi kuliko zilizofutwa macho. Ukifikiri sana unaona sababu. Nyusi ni mstari mweusi uliokaa peke yake juu ya mfupa, hauhami, na unaonekana hata mtu akiwa ng'ambo ya barabara, mahali ambapo jicho lenyewe hulioni. Shangazi hakuhitaji maabara. Alijua kwamba mwanaye akiingia ukumbini bila nyusi zile, upande mzima wa ukoo wake umebaki nje.

Kuna utafiti mwingine, wa mtafiti Richard Russell, ambao ulinitesa zaidi. Alichukua uso mmoja usiojulikana kama ni wa kike au wa kiume, akatengeneza picha mbili: macho na midomo ni vile vile, ila ngozi ya moja akaing'arisha na ya nyingine akaitia weusi. Watu waliitazama ya ngozi nyeupe wakaiona mwanamke, na ya ngozi nyeusi wakaiona mwanamume. Kinachofanya kazi hapo ni tofauti kati ya weusi wa macho na midomo na ngozi iliyovizunguka. Tofauti ikikua, uso unaonekana wa kike zaidi. Basi weupe niliokuwa nauza haukuwa uongo mtupu. Una mantiki yake, na ndiyo maana unatega. Ila tofauti ina pande mbili. Unaweza kuipata kwa kung'arisha ngozi, au kwa kuiacha ngozi ilivyo na kukoleza jicho na mdomo. Bibi zetu wa pwani waliliweza hili zamani: wanja machoni, tambuu mdomoni, ngozi wakaisinga kwa liwa bila kuibadili rangi. Mimi nilifanya kituko cha kung'arisha ngozi na wakati huo huo kunyoa nyusi na kupausha midomo, yaani nalipia tofauti kwa mkono huu na kuifuta kwa mkono ule.

Sijafika kwenye zito bado. Nilikuwa nauza mkorogo.

Ulikaa chini ya meza, ndani ya makopo yasiyo na jina. Bibi harusi akija kuweka miadi mapema, nilimshauri aanze kujipaka, nikimwambia poda haishiki vizuri kwenye ngozi nyeusi. Hakuna ukweli wowote hapo. Nilikuwa sina poda ya rangi yake, basi. Ilikuwa rahisi kwangu kumbadilisha yeye kuliko kuagiza kopo jingine kutoka Kariakoo. Ndani ya mkorogo mlikuwa na losheni, mlikuwa na krimu za tyubu zilizotengenezwa kutibu ukurutu, na mlikuwa na kitu nilicholetewa ambacho sikuwahi kukiuliza jina. Sumu zinazojulikana katika biashara hii ni hidrokwinoni, steroidi na zebaki. Hidrokwinoni inazuia ngozi kutengeneza rangi, na ikitumika muda mrefu huweza kuacha mabaka ya buluu nyeusi mashavuni; Afrika Kusini waliandika habari za mabaka hayo mwaka 1975 na kuipiga marufuku mwaka 1990. Zebaki inashambulia figo. Madaktari wa Nairobi mwaka 1972 walikuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wao wazima wenye aina fulani ya ugonjwa wa figo walikuwa watumiaji wa krimu za kujichubua. Nchini kwetu viambato hivyo vimepigwa marufuku katika vipodozi siku nyingi, tangu enzi za TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya shirika la viwango, TBS. Tetesi za wakaguzi zikifika sokoni, nilikuwa nafunga mlango na kwenda kuzika mtu ambaye hajafa.

Mteja wangu mmoja, niliyempamba na kuendelea kumuuzia baada ya ndoa, alijifungua kwa upasuaji na kidonda kikachelewa sana kufunga. Muuguzi alimuuliza anapaka nini. Steroidi hukondesha ngozi na kuchelewesha vidonda kupona, na yule muuguzi alilijua hilo kabla hata hajajibiwa. Haya yote alinisimulia mwenyewe, mtoto mgongoni, uso Fanta na miguu Coca-Cola kama watani wasemavyo, huku anahesabu pesa za kopo jingine. Nilimpa pole. Na nilimuuzia.

Ningependa kusema niliacha kwa sababu ya huruma. Niliacha kwa sababu aliyekuwa ananiletea alihama, na mwingine niliyempata alikuwa ghali. Huruma ilikuja baadaye, biashara ikiwa imeshakufa.

Kwa shangazi nilikwenda. Nilimwambia habari ya piko na habari ya kamba. Akasema alijua tangu siku ile mlangoni, akaniitia mwanaye, yule binti, ambaye sasa ni mama wa watoto. Nyusi ya kulia imerudi nene kama zamani. Ya kushoto ina kovu katikati na nywele zinaota pande zote mbili za kovu, katikati hamna. Kila asubuhi anaijaza kwa penseli. Nilimwonyesha asichore mstari mmoja, apige vistari vifupi vifupi kwenda juu, kimoja kimoja, kwa rangi nyeusi kidogo kuliko anavyodhani. Alijaribu mara moja mbele yangu, akasema ataona.

Siku hizi nina fondesheni za kutosha, nazijaribu kwenye taya mchana wa jua, nje, wala si kwenye mgongo wa mkono. Nyusi naziacha zilivyokuja, naondoa za chini tu kwa uzi. Picha za ukutani nimezitoa. Wateja wamepungua. Juzi aliingia binti anayetaka kung'aa, nikamweleza haya kwa kirefu, pengine kwa kirefu mno. Akanishukuru, akavuka barabara kwenda saluni ya pili. Picha zake nimeziona kwenye simu ya mtu. Nilizikuza kwa vidole kutafuta kasoro, nyusi, shingo, mikono, na nawaambieni ukweli, alikuwa amependeza.