Fedha ya Kufundishia Sanaa

Wenyeji wa Nachingwea na Ruangwa ni wakulima. Wengi wao ni Wamwera, na pamoja nao wako Wamakua, Wayao, Wamakonde na wengine. Hulima korosho, ufuta, mbaazi na mihogo. Lakini si wakulima tu. Wamo wapiga ngoma, wachongaji, wasusi wa mikeka na wafinyanzi wa vyungu. Zamani kazi hizi hazikuwa na ada. Mtoto wa kiume aliketi karibu na babu yake, akamtazama, akashika tezo, akajikata kidole, akajifunza. Binti alijifunza udongo kwa bibi yake. Siku hizi mtoto yu shuleni mchana kutwa, na babu yuko peke yake barazani. Basi sanaa ikitaka kufundishwa, hapana budi mwalimu alipwe, vyombo vinunuliwe, na mahali pa kukutania papatikane. Fedha itoke wapi?

Wako wasemao ya kuwa itoke kwa wafadhili. Sidharau ukarimu wa mtu awaye yote, lakini mfadhili huchoka, au hufa, au huhamia nchi nyingine, na ngoma hubaki imetundikwa ukutani ikiliwa na mende. Wengine wasema: na kianzishwe chama kisichojitafutia faida, kiwe na biashara ndogo, na kila senti ipatikanayo itumike kuwafundisha vijana.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1972, huko Dar es Salaam, Sista Jean Pruitt, mtawa wa shirika la Maryknoll la Marekani, alianzisha Nyumba ya Sanaa pamoja na vijana. Walichora, walichonga, walitia vitambaa rangi kwa nta, na vitu vyao vikauzwa papo hapo. George Lilanga, Mmakonde wa huku kusini, alifanya kazi pale. Na kabla hajafa mwaka 2005, kazi zake zilikwisha kuonyeshwa Ulaya, Marekani na Japani. Edward Saidi Tingatinga naye alizaliwa Tunduru, upande wa magharibi kwetu, mwaka 1932. Huko Dar es Salaam alichora wanyama na ndege kwa rangi ya baisikeli, akauza picha zake, akawafundisha jamaa zake. Alipokufa mwaka 1972 wanafunzi wake hawakutawanyika, bali waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wakafanya chama cha ushirika.

Lakini duka nalo lina amri zake. Mgeni ataka tembo. Basi kijana huchonga tembo. Wa pili ataka tembo kama yule wa kwanza. Kijana akifika tembo wa arobaini, mkono wake umekuwa mwepesi sana, na hajifunzi tena neno lolote jipya. Mwalimu naye huona haya kumzuia, maana ni tembo hao hao wamlipao mshahara. Tena wageni wa namna hiyo hupita kwa wingi Dar es Salaam na Zanzibar. Nachingwea hawapiti ila wachache.

Na Nachingwea yajua habari za biashara isiyoijua nchi. Baada ya vita kuu ya pili Serikali ya Uingereza ilileta matrekta kufyeka misitu ipate kulima karanga. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na mamilioni ya pauni yalikuwa yamepotea. Hata reli iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa baadaye.

Kwa hiyo mimi naona heri chama cha Nachingwea au Ruangwa kiuze kitu ambacho watu wa hapa hununua, hata kama si kazi ya sanaa. Ufuta tunao. Tuseme chama chanunua kilo 100 za ufuta kwa shilingi 3,000 kila kilo. Chakamua lita 30 za mafuta, chauza kila lita shilingi 14,000. Chupa, ujira wa wakamuaji na matengenezo ya mashine vyala shilingi 60,000. Toeni hesabu wenyewe mwone kinachosalia. Si kikubwa, lakini kinatosha kumlipa mpiga ngoma kwa alasiri kadhaa na kununua ngozi ya mbuzi. Na mnunuzi wa mafuta hatamwamuru mtu ngoma ya kupiga.

Nilimweleza mzee mmoja wa Ruangwa, mchongaji, shauri langu hili. Hakulipenda.

"Mwalimu," akasema, "mafuta ni mazuri. Lakini mwanafunzi asiyeuza atajuaje kama kigoda chake kinakalika? Mama jirani akikataa kinu changu kwa kuwa kimepinda, nimefundishwa."

Nikamwambia, "Naam, Mzee, na mpiga ngoma je? Yeye atauza nini?"

Akafikiri, akajibu ya kuwa mpiga ngoma na alishwe na ufuta, kama napenda. Habari zake hazijui. Yeye wanafunzi wake watauza vinu, michi na vigoda, vitu ambavyo kila nyumba huvihitaji. Sikupata la kumjibu, na hata sasa naona ana haki nusu.

Jambo moja tulipatana. Hataki mtoto aanze na mpingo, ingawa ndio mti wa fedha. Mpingo huchukua miaka 70 na zaidi hata ufae kukatwa. Kiini chake ni cheusi na kizito hata huzama majini, na huko Ulaya hufanyiwa klarineti. Mtoto akiuharibu, nani atamrudishia miaka ile? Yeye huwapa kwanza matawi ya mwembe.

Siku ile alikuwa na wanafunzi wawili na tezo moja, nao walipokezana. Alisema korosho zikiisha kuuzwa na watu wakiwa na fedha mkononi, atauza vinu vitatu anunue tezo ya pili.