Mzigo wa Haraka

Watu wengi hudhani kwamba udereva wa mizigo ya haraka ni kukanyaga mafuta. La hasha. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kungoja. Tangu alfajiri niko stendi ya Katesh na Hiace iliyong'olewa viti, simu mkononi. Simu ikilia, tangu hapo kila dakika ina mwenyewe.

Mkulima wa Basotu amekatikiwa na mkanda wa kombaini, ngano imekauka shambani na mawingu yanakusanyika. Mkanda uko Babati. Mwingine ameagiza vifaranga wa siku moja. Kifaranga huanguliwa akiwa na akiba ya kiini tumboni, inayoweza kumtunza siku 2 au 3 bila chakula, lakini akiba hiyo haimkingi na baridi ya usiku wa Mbulu. Mwenye vitunguu saumu anataka kuliwahi lori. Na yupo anayetaka jeneza. Huyo habishani bei wala hapigi kelele, na ndiyo maana humwogopa kuliko wote.

Babati hadi Katesh ni lami. Ukikata kulia pale Dareda, ukaupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Dongobesh, au ukielekea Haydom, kwenye hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, basi masika yakikukuta kwenye udongo utaujua ukweli wa kazi hii. Tope hujaza meno ya tairi mpaka likawa laini kama sahani, na gari likaenda linakotaka lenyewe. Kisha kuna hesabu nyingine: mteja hulipia kwenda, kurudi patupu ni juu yako. Kwa hiyo haraka ina bei yake, nami sioni aibu kuitaja.

Tarehe 3 Desemba 2023, siku ya Jumapili, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua kubwa. Tope, mawe na magogo yalishuka hadi Katesh mjini na vijiji vya jirani kama Gendabi. Walikufa zaidi ya watu 80. Mimi nilikuwa Babati. Kesho yake ndugu wa waliofikwa walinizunguka: blanketi, ndoo, sufuria, unga, na mama mmoja wa Kibarbaigi aliyekuwa na kifurushi cha nguo za watoto tu, wala hakujua kama watoto wenyewe wapo.

Tajiri akapiga simu. "Dereva, leo ni mara mbili."

"Mzee, hawa ni wafiwa."

"Na gari likivunjika kwenye magogo, wafiwa watanilipa?"

Msomaji, usimhukumu upesi. Gari lilikuwa la mkopo, na swali lake lilikuwa la haki. Nami mwaka mzima huwatoza watu haraka yao. Kwa nini siku ile iwe tofauti? Nilivyoona mimi ni hivi: haraka ya mwenye kombaini ina ngano ndani yake, atavuna na kunilipa. Haraka ya yule mama haikuwa na mavuno yoyote. Niliwatoza bei ya kila siku, na yeye nikampakia bure. Karibu na mji tuliteremka, tukabeba vitu vichwani. Watoto wake tuliwakuta wawili, kwa jirani. Wa tatu alikuwa ameshazikwa.

Wiki iliyofuata tajiri alichukua ufunguo wake bila ugomvi. Miezi 4 nikawa deiwaka, leo gari hili, kesho lile, na nyumbani tukapunguza sukari kwanza, kisha nyama. Mke wangu hakunilaumu, ila aliuliza mara moja tu kama ningeweza kuwatoza walau nusu zaidi. Nilikosa jibu, na hata sasa sinalo.

Sasa ninaendesha gari la mtu mwingine. Ile Hiace bado ipo stendi. Dereva wake ni kijana mpole, na siku za mnada, mizigo ikizidi, tunapeana wateja.