Waifai ifike mpaka kwa mama (Sehemu ya 6)

Niliahidi kwamba sehemu hii itakuwa ya vifaa vya nyumbani kwa mwenye kisukari, na najua wengi mlikuwa mnasubiri mashine za kupima sukari. Zinakuja. Leo naongelea waifai, na msicheke, maana kwangu mimi siku hizi waifai ni kifaa cha kumhudumia mgonjwa kama ilivyo mashine ya presha.

Mama anakaa nyumba ndogo ya nyuma, hapa hapa Sanya Juu, mita 22 kutoka nyumba yetu. Kuhamia nyumba kubwa hataki, tumeshaongea mpaka tumechoka. Ana kisukari cha miaka mingi na anachoma insulini. Masikio nayo yamepungua, ukimpigia simu ya kawaida anaitikia "eeh, eeh" hata kama hajasikia kitu. Nikiwa zamu ya usiku namtegemea binti wa kaka yangu, miaka 15, ndiye analala naye.

Mwezi wa sita, saa nane usiku, akanipigia video. "Shangazi, bibi anatoka jasho na anaongea vitu havieleweki." Nikaona paji la uso la mama kama sekunde 2, picha ikaganda, kisha ikakatika. Nikapiga ya kawaida: mpime, nisomee. Ikasoma 2.9. Hapo nilitaka kujua kitu kimoja tu, anameza au hamezi? Anayemeza unampa kijiko kikubwa cha sukari kwenye maji, unapima tena baada ya dakika 15. Asiyemeza ukimnywesha unampalia. Sasa mtoto kukujibu swali hilo kwa simu huku analia, na wewe huoni! Alimeza, namshukuru Mungu. Ila nilitoka zamu asubuhi nikasema hili la mtandao lazima liishe, na liishe kwa hela niliyonayo.

Dukani niliponunua ruta jibu lilikuwa jepesi: pandisha kifurushi. Sisi manesi tumefundishwa kupima kwanza ndipo dawa ije, kwa hiyo nikapima.

Kuna jambo watu wanalichanganya. Intaneti ya nyumbani ina safari mbili: ya kutoka mnarani hadi kwenye ruta, na ya kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu yako. Kifurushi kinahusu safari ya kwanza. Nikasimama karibu na ruta nikapima kasi: megabiti 18 kwa sekunde. Nikaenda kitandani kwa mama: 0.6. Simu ya video inatosheka na megabiti 1 au 2, mradi zisikatike-katike. Kwa hiyo kifurushi hakikuwa na ugonjwa wowote, na ningelipia kikubwa zaidi kingeendelea kufia njiani vile vile.

Kufia wapi? Kuna programu za bure za kwenye simu zinazoonyesha nguvu ya waifai kwa namba zenye alama ya kutoa mbele. Ukiona -50 mambo ni mazuri, kwenye -67 video bado inakwenda, ukipita -80 sahau. Nikatembea nayo taratibu kama mtu aliyepoteza hereni. Sebuleni -45. Mlango wa jikoni -71. Kwa mama -88. Katikati hapo kuna ukuta wa tofali, tangi la maji la lita 2,000 na migomba minne, halafu nyumba ya mama imepigiwa bati kuta zote upande wa nje. Bati linarudisha mawimbi yalikotoka. Maji yanayameza, na mgomba ni maji matupu, hasa ukilowa mvua. Yaani tulikuwa tumejenga ngome bila kujua. Na Agosti 2022 TTCL walifikisha intaneti mpaka Horombo, mita 3,720 juu ya mlima! Mzungu anapiga picha na kuirusha kwao, kwa mama yangu haivuki migomba.

Nikaanza na ya bure. Ruta ilikuwa nyuma ya televisheni, ndani ya kabati. Nikaitoa, nikaiweka juu ya kabati la nguo kwenye dirisha la nyuma, linalotazama kwa mama. Kama ruta yako ni ya laini ya simu kama yangu, kabla ya kuihamisha hakikisha dirisha hilo nalo linapata mnara vizuri, usije ukatengeneza safari ya pili ukaua ya kwanza. Kisha nikaingia kwenye mipangilio nikatenganisha waifai mbili: ya 5 GHz ina kasi lakini inachoka haraka kwenye kuta, ya 2.4 GHz ni ya polepole ila inafika mbali. Simu ya mama nikaiacha kwenye 2.4 peke yake. Namba ikatoka -88 ikawa -76. Nafuu, ila kupona bado.

Wengi watakushauri ununue kile kidude cha kuchomeka ukutani cha kusogeza waifai. Siyo kibaya, ila cha bei ya chini kinapokea na kutuma kwa hewa ile ile, hivyo kasi inapungua karibu nusu. Halafu watu wanakichomeka kule kule waifai isikofika, sasa kitasogeza nini? Kinatakiwa kikae katikati, ambako mawimbi bado yana nguvu. Kwangu katikati ni tangi na migomba.

Nikaamua waya. Waya haujui tangi wala bati, na mmoja unaweza kwenda hadi mita 100. Nilinunua mita 30 za waya wa netiweki wa nje, Moshi mjini, 36,000. Muulize muuzaji kama ni shaba tupu, maana kuna ule wa aluminiamu uliopakwa shaba, ni rahisi na hauna maisha. Tukaupitisha ndani ya bomba la plastiki na kulifukia ardhini. Kwa mama nikaweka ruta kuukuu niliyouziwa na mfanyakazi mwenzangu kwa 20,000. Hii ya pili unaibadilisha kazi: unaipa anwani yake (kubwa ni 192.168.1.1, ndogo nikaipa 192.168.1.2), unazima DHCP, yaani kazi ya kugawa anwani, ili isigombane na ile kubwa, halafu unachomeka waya kwenye tundu la LAN, siyo la WAN. Jina la waifai na nywila nikaacha sawa na za nyumba kubwa. Kabla radi hazijaanza, chomoa waya pande zote mbili. Waya unaounganisha nyumba mbili unaweza kuingiza radi ndani.

Kwa mama sasa ni -48.

Bado umeme. Ukikatika sekunde 1 tu, ruta inazima na kuchukua dakika kadhaa kuamka, na sukari haisubiri. Betri ndogo ya ruta ni 65,000, nimeanza na moja kwenye ruta kubwa, ya mama nakusanyia. Soma kibandiko cha ruta yako kwanza: ya volti 9 usiipe 12.

Na siku nyingine tatizo haliko kwako kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, mtandao ukalegea karibu nchi nzima. Kabla ya kung'oa vitu ukutani, muulize jirani wa mtandao mwingine.

Jumla nimetumia 121,000, bomba lilikuwepo. Nikiwa zamu binti ananionyesha mashine ya sukari na uso wa bibi yake, naona mpaka midomo. Tatizo jipya ni mama mwenyewe: amegundua kwaya za YouTube, anaziweka sauti ya juu kuanzia asubuhi, na tarehe 20 kifurushi kimekwisha. Nimemshushia picha iwe 360p. Hajajua.