Nguzo Zilizosimama Kichwa Chini

Hapa Kaberebere, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tunawafundisha Kiswahili watoto waliokwisha kukijua kabla hatujawaona. Wengi asili yao ni Kongo, nao husema "batoto banakuya" pale tunapotaka "watoto wanakuja". Kwa miaka mingi tulikata maneno hayo kwa wino mwekundu. Siku moja msichana mmoja, hodari wa kusimulia hadithi, alirudishiwa insha yake imejaa wino huo. Tangu siku hiyo hakunyosha tena mkono darasani.

Tulimkumbuka tulipozuru Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, mjini Unguja. Mahali hapo palikuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere. Madirisha membamba yenye ncha juu ni ya mtindo wa Kigothi wa Ulaya, lakini kuta ni za mawe ya matumbawe, na baadhi ya mapambo yana sura ya Kiarabu. Paa ni la saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, nalo limejipinda kama nusu ya pipa.

Upande wa magharibi zipo nguzo zilizosimama kichwa chini. Husimuliwa kuwa mafundi wenyeji, wasiowahi kuona nguzo za namna hiyo, walizisimamisha hivyo askofu akiwa safarini. Naye aliporudi aliziacha.

Askofu huyo alikuwa mwanasarufi pia. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, pamoja na mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Basi kabla ya kufundisha, aliketi akasikiliza.

Walimu wenzetu, hatusemi kwamba usanifu uachwe, kwani mtihani unaudai. Tena "batoto" si nguzo iliyopinduliwa: ni lugha ya nyumbani kwao. Siku hizi twaandika umbo sanifu pembeni, kwa penseli, na la kwao hatulikati. Msichana yule alikuwa amekwisha kuhama shule tuliporejea kutoka Unguja. Kwake yeye tulichelewa.