Walinzi wa Kifua cha Nyanya

Mimi ndiye niliyempelekea nyanya yangu ugonjwa. Tulifunga shule likizo ya Aprili nikiwa na mafua yaliyokuwa yamezunguka bweni zima. Nilishuka matatu pale sokoni Nyakoe mvua ikinyesha, nikakimbia moja kwa moja hadi jikoni kwake. Wajua jikoni za kwetu: mafiga matatu, kuni mbichi za mkaratusi, na moshi usiojua pa kutokea. Nikapewa ugali wa wimbi na chinsaga, nikaketi ubavuni pake nikipiga domo na kukohoa ovyo bila hata kuziba mdomo.

Siku ya tatu akashikwa yeye. Mwili moto, viungo vinauma, kikohozi kikavu. Baada ya siku tano hivi akapata nafuu, hata akaenda kuchuma majani chai. Mimi nikasema, aah, yamekwisha. Kumbe wapi! Siku mbili baadaye alitetemeka kwa baridi, kifua kikamchoma kila akivuta pumzi, na makohozi yakawa na rangi ya kutu. Baba mdogo alimkimbiza Kisii kwa bodaboda. Daktari alisema ni nimonia. Alilazwa siku sita, akitiwa dawa kwa sindano na kupewa oksijeni.

Swali likaninyima usingizi: mtu huponaje kisha akazidiwa? Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia.

Alinieleza kwamba ndani ya vile vifuko vya hewa vya mapafu mna seli kubwa ziitwazo makrofaji. Hizo ndizo walinzi wa zamu: humeza vumbi na vijidudu mchana na usiku bila sisi kujua. Virusi vya mafua vinapofika, huingia katika seli za ukuta wa njia ya hewa na kuzigeuza kiwanda cha kutengeneza virusi vingine. Seli iliyovamiwa hupiga mbiu kwa kutoa interferoni, kitu kilichogunduliwa London mwaka 1957, nayo huwaonya majirani wajifunge. Makrofaji nazo hupiga kelele, askari wengine wakaja kwa njia ya damu. Siku kadhaa baadaye hufika seli T, ambazo huziua seli zilizotekwa. Ile homa na maumivu ya viungo, kwa sehemu kubwa, ni vurugu ya askari wetu wenyewe. Wakipita kiasi, vifuko hujaa majimaji na mgonjwa akakosa pumzi.

Hapo nikadhani nimeelewa, lakini mwalimu alikuwa hajamaliza. Katika panya wa maabara, alisema, imeonekana kwamba makrofaji nyingi hufa katika juma la kwanza la mafua, na huchukua muda kabla ya seli mpya kutoka kwenye uboho wa mifupa na kujaza pengo. Bakteria wa nimonia, ambao mara nyingi hukaa puani mwa mtu bila kumdhuru, hukuta lango halina bawabu. Katika ile homa kuu ya 1918, iliyofika hata Kenya, wengi waliokufa walimalizwa na bakteria waliofuata nyuma ya virusi. Basi siku ile nyanya alipokwenda kwenye chai, vita vya kwanza alikuwa ameshinda, ila walinzi wake walikuwa wachache mno.

Na moshi je? Watafiti nchini Malawi walizichunguza makrofaji za watu wanaopikia kuni, wakazikuta zina masizi. Nikawaza juu ya nyanya na miaka yote aliyopuliza moto.

Mwalimu alijaribu kunifariji. Mgonjwa wa kwanza wa mafua ya H1N1 kuthibitishwa nchini, Juni 2009, alikuwa mwanafunzi Mwingereza aliyefika Kisumu na wenzake. Kwa hiyo si mimi mwanafunzi wa kwanza kusafiri na mafua! Nilicheka kidogo, lakini sikufarijika.

Likizo ya Agosti nilitoboa dirisha katika ukuta wa jiko, nikamweleza nyanya habari ya walinzi wake. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama wamesharudi kazini. Nikamwambia wamerudi. Dirisha hata hivyo halipendi, asema linaingiza baridi. Jioni huliziba kwa gunia, nami nikiwa nyumbani huliondoa.